Rangi ya Kumi na Saba

Kibao cha rangi kinachotumika sana katika maabara za meno, kile cha kampuni ya VITA ya Ujerumani, kina vijino 16 vya mfano, kuanzia A1 hadi D4. Kundi A huelekea kahawia yenye wekundu, B ni manjano yenye wekundu, C ni kijivu, na D ni kijivu chenye wekundu kidogo. Fundi huvisogeza kimoja kimoja kando ya jino la mgonjwa hadi apate kinacholingana, huandika namba yake, na jino hutengenezwa kwa namba hiyo. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii mjini Arusha, sijakuta humo jino la mtu aliyekulia Nduruma. Meno yetu yana mistari myeupe inayokata kwa upana, juu yake mabaka ya kahawia, na kwa aliyekunywa maji makali zaidi, vishimo ambamo gamba la jino limemeguka. Hiyo ndiyo rangi ya kumi na saba. Fundi wa huku asipoijua, kazi yake itaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Mimi ni fundi wa maabara ya meno. Sing'oi jino wala sizibi. Natengeneza mataji, madaraja na meno ya bandia ambayo daktari humvika mgonjwa. Nimezaliwa Nduruma, kwenye tambarare iliyo chini ya Mlima Meru, na meno yangu ya mbele yana kahawia hiyohiyo. Nikienda nyumbani kwenye msiba au harusi, hakosekani mtu wa kunivuta pembeni. "Mwanangu, haya meno ya kupandikiza kwenye mfupa yametengenezwa na nini? Yanadumu kweli?" huuliza mama. "Dada, nikiweka la zirkonia litakuwa jeupe?" huuliza kijana. Wana haki ya kujibiwa, kwa sababu wengine wao huuza ng'ombe au vitunguu vya msimu mzima kulipia kitu ambacho hawajaambiwa hata jina lake. Ninaloamini ni hili: mgonjwa anayejua jino lake limeundwa kwa vitu gani hulitunza vizuri, si rahisi kudanganywa, na hutibika hata akienda kwa daktari mwingine.

Maji yaliyotupaka rangi

Meru ni volkano, na mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Miamba yake ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo huiyeyusha na kushuka nayo. Mto Nduruma huanzia kwenye miteremko ya mlima huo, hugawanywa kwenye mifereji ya mashamba ya mahindi, maharage na vitunguu, kisha huelekea mto Kikuletwa. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kabla ya kushusha kiwango hicho hadi 1.5. Kuzunguka Meru zipo chemchemi na visima vinavyopita miligramu 10.

Floraidi nyingi huharibu gamba wakati jino lingali linaundwa ndani ya taya. Kwa meno ya mbele, hatari iko kwenye miaka ya mwanzo ya maisha. Mtoto akifikisha miaka minane hivi, gamba la meno hayo limeshakamilika. Mtu mzima anayehamia Nduruma leo hatapata mabaka hata akinywa maji yaleyale. Atakayeyapata ni mwanawe. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive haraka nayo huwa na floraidi, kwa hiyo mtoto huipata kwenye kikombe na kwenye sahani pia.

Pale Ngurdoto, upande wa pili wa Usa River, kipo kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Njia iliyoendelezwa hapo ni ya kuchuja maji kwa mifupa ya wanyama iliyochomwa ikawa mkaa. Mfupa umejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti ya jamii ileile inayojenga gamba la jino, na madini hayo huivuta floraidi iliyomo majini. Kinachofanyika ndani ya chujio ndicho kinachofanyika ndani ya taya la mtoto, ila kwenye chujio kinaokoa. Mzazi wa Nduruma anayenunua chujio la mkaa wa mifupa, au anayemtengea mtoto mdogo maji ya mvua, anafanya kazi kubwa kuliko yote nitakayoieleza hapa chini.

Mabaka peke yake hayamaanishi kuwa jino limeoza. Yakiwa mepesi, daktari anaweza kuyapunguza kwa kusugua juujuu kwa dawa maalumu bila kusaga jino. Usikubali kusagiwa jino zima kabla ya kuuliza kama njia hiyo inatosha. Mataji na madaraja ni ya jino lililovunjika au lililooza sana, na ya pengo. Na hapa niseme neno kwa madaktari wageni: kwa wazee wetu wa Kiarusha, pengo la meno mawili ya chini mbele si ugonjwa. Yaling'olewa kwa mila, na wazee husema lilikuwa pia la kumnywesha uji mgonjwa wa pepopunda aliyekakamaa taya. Muulize mzee kwanza kabla ya kumpangia daraja.

Kaure juu ya chuma

Taji ni kofia inayofunika jino lililosagwa. Daraja la kuziba pengo la jino moja lina vipande vitatu vilivyoungana: mataji mawili pembeni na jino linaloning'inia katikati. Ili likae, meno mawili jirani husagwa pande zote, na gamba lililosagwa halirudi.

Aina iliyozoeleka zaidi ni ya kaure juu ya chuma. Daktari akishachukua vipimo vya kinywa, mimi humimina plasta na kupata nakala ya meno. Juu ya nakala hiyo nachonga umbo kwa nta, naizika nta kwenye udongo unaostahimili moto, nta inayeyuka na kuacha uwazi, na chuma kilichoyeyushwa kinaingia humo. Kinachotoka ni kikombe chembamba chenye unene wa milimita 0.3 hadi 0.5. Nakipiga kwa mchanga laini, kisha nakichoma kidogo ili uso wake ufanye utando wa oksidi, kwa sababu utando huo ndio unaoshikana na kaure. Tabaka la kwanza ni kaure nzito ya kuficha weusi wa chuma. Linafuata tabaka la mwili wa jino, halafu la ncha, ambalo hupitisha mwanga. Unga wa kaure unachanganywa na maji na kupakwa kwa brashi, unyevu unanyonywa kwa karatasi laini, kisha jino linaingia tanurini kwenye joto linalokaribia nyuzi 900, hewa ikiwa imenyonywa ili vipovu visibaki ndani. Kaure ikiiva husinyaa, hivyo tunalijenga jino kubwa kuliko linavyotakiwa na kulichoma tena na tena.

Hapa ndipo rangi ya kumi na saba inapoingia. Alinijia mwalimu wa shule ya msingi aliyeanguka na bodaboda akavunjika jino la mbele. Taji alilokuwa amevikwa mahali pengine lilikuwa A1, jeupe tupu, katikati ya meno ya kahawia. "Fundi," aliniambia, "wanafunzi wanatazama jino, hawatazami ubao." Nilimketisha dirishani saa nne asubuhi, taa zikiwa zimezimwa, akiwa amefuta rangi ya mdomo. Nilimwomba aufumbe mdomo kila baada ya muda mfupi, maana jino likikauka kwa dakika chache tu huwa jeupe kuliko lilivyo, na rangi iliyochukuliwa kwenye jino kavu hukosea. Msingi niliuweka kwenye A3.5. Ndani ya tabaka la ncha nikapitisha mistari miwili myembamba ya kaure nyeupe isiyopitisha mwanga, si minyoofu, kwa sababu ya asili si minyoofu. Kisha, karibu na katikati ya jino, nikagusa rangi ya kahawia yenye manjano kwa brashi ya nywele chache, nikaififisha kingo, nikaichoma, nikapaka mng'ao wa mwisho na kuichoma tena. Mwalimu alipojitazama kwenye kioo, alichukua muda kulitambua jino lenyewe.

Tangu hapo nimejichomea vijino vyangu vya mfano, vyenye mistari na mabaka ya viwango mbalimbali, na naviweka kwenye droo moja na kile kibao cha Ujerumani. Nawaomba mafundi wenzangu wa Arusha, Moshi na Singida, kote kwenye maji ya floraidi, wafanye vivyo hivyo. Mgonjwa anayetaka meno yote ya mbele yawe meupe ana haki yake. Lakini asivikwe weupe kwa kuwa fundi hana rangi nyingine.

Ukivikwa taji la chuma na kaure, uliza chuma hicho ni nini. Kuna mchanganyiko wa nikeli na kromi, ambao ni wa bei nafuu, na kuna wa kobalti na kromi. Kama hereni za bei rahisi hukuwasha masikio au saa huacha upele mkononi, huenda mwili wako unaikataa nikeli. Mwambie daktari mapema ili tutumie kobalti na kromi, au tuache chuma kabisa.

Zirkonia

Watu wengi wakisikia zirkonia hudhani ni plastiki ngumu au aina ya almasi. Ni oksidi ya zirkoniamu iliyotiwa kiasi kidogo cha itria ili isipasuke, na madini inakotoka, zirkoni ya mchangani, tunayo jirani. Kwale, kusini mwa Mombasa, mgodi wa kampuni ya Base Titanium ulichimba mchanga wenye ilmenaiti, rutili na zirkoni, ukaanza kusafirisha mwaka 2014 na kufunga uchimbaji mwishoni mwa 2024. Ilmenaiti na rutili ni madini ya titani, na sehemu kubwa ya titani duniani huishia kwenye rangi nyeupe za kupaka. Zirkoni huenda kwenye vigae na kazi nyingine za joto kali, na kiasi kidogo sana, kikishasafishwa viwandani, huwa meno.

Maabara hupokea zirkonia ikiwa kisahani cha duara, laini kama chaki. Mashine inayoongozwa na kompyuta hulichonga jino humo likiwa kubwa kwa asilimia 20 hadi 25. Kisha linaingia kwenye tanuri la nyuzi zinazokaribia 1,500 kwa saa kadhaa, linasinyaa hadi kipimo chake kamili, na linatoka likiwa gumu kuliko kaure yoyote. Ndiyo maana linafaa magego na madaraja marefu. Rangi hupakwa kabla ya kuchomwa, au juu yake baadaye kwa kaure nyembamba. Zirkonia nyingine hupitisha mwanga zaidi na hupendeza mbele, lakini kadiri inavyopitisha mwanga ndivyo nguvu yake inavyopungua. Daktari akisaga taji la zirkonia mdomoni ili kurekebisha mng'ato, hakikisha amelisugua likang'aa tena. Likiachwa na mikwaruzo, litakula jino la upande wa pili.

Ipo pia kaure ya glasi inayoitwa lithiamu disiliketi, nzuri sana kwa meno ya mbele. Ili ishikane na gundi, upande wake wa ndani hukwaruzwa kwa asidi ya haidrofloriki, yenye floraidi ndani yake. Asidi hiyo ni hatari, na hutumiwa kwa glavu na miwani, nje ya kinywa. Zirkonia haikwaruziki kwayo. Gundi yake ni nyingine. Taji likikung'oka na ukalipeleka kwa daktari mwingine, atahitaji kujua ni la aina gani kabla hajalirudisha.

Kipandikizi: vipande vitatu

Mwaka 1952, nchini Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, kikagoma, kwa sababu mfupa ulikuwa umeshikana nacho. Mwaka 1965 alimwekea binadamu wa kwanza vipandikizi vya meno vya titani. Siri iko kwenye uso wa titani: ikigusa hewa hujifunika utando mwembamba mno wa oksidi, na mwili hauuoni utando huo kama adui.

Mgonjwa huona jino moja, lakini ndani kuna vipande vitatu. Cha kwanza ni kipandikizi chenyewe, msumari wenye hesi uliozama ndani ya mfupa. Huachwa miezi mitatu hadi sita mfupa ushike. Cha pili ni kiungio, ambacho wataalamu hukiita abatimenti, kinachopita kwenye fizi. Cha tatu ni taji. Kiungio hufungwa kwa skrubu ndogo, na daktari huikaza kwa bisibisi yenye kipimo, si kwa kukisia, kufuata nguvu iliyotajwa na kiwanda. Ikilegea, jino hucheza. Ikikazwa kupita kiasi, hukatika ndani, na kuitoa ni kazi ya saa nyingi.

Taji hushikiliwa kwenye kiungio kwa njia mbili. Linaweza kugandishwa kwa saruji ya meno, nayo ikibaki chembe chini ya fizi huleta usaha na kula mfupa. Au hufungwa kwa skrubu kupitia tundu dogo juu ya jino. Tundu hujazwa tepu nyeupe ileile ambayo fundi bomba huzungushia kwenye hesi za mabomba, ikiwa imetakaswa, kisha huzibwa kwa dawa ya rangi ya jino. Mimi napendelea skrubu pale inapowezekana, kwa sababu siku ya matengenezo daktari hufungua bila kuvunja. Na taji la zirkonia lisikae moja kwa moja juu ya kipandikizi. Liwe na kikombe kidogo cha titani chini yake, la sivyo zirkonia, kwa ugumu wake, itaitafuna titani polepole.

Jino la kuzaliwa limeshikwa na nyuzi laini kuzunguka mzizi, ambazo hulifanya lizame kidogo unapotafuna. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Ndiyo sababu daraja la vipandikizi hushikiliwa na vipandikizi vyenyewe, na kwa kawaida hatukiungi kipandikizi na jino la asili kwenye daraja moja: kimoja hutikisika, kingine hakitikisiki, na mwisho kitu hulegea. Kwa aliyepoteza meno yote ya taya moja, vipandikizi vinne hadi sita vinaweza kubeba safu nzima.

Watu wa nyumbani huniuliza kama maji yetu yatakula titani. Titani huliwa na floraidi pale inapokutana na asidi. Maji yetu ya mlimani hayana asidi hiyo, na dawa ya meno ya kawaida haina tatizo. Cha kuepuka ni jeli kali za floraidi zenye asidi, ambazo pia hukwaruza kaure. Mwambie daktari una kipandikizi kabla hajakupaka.

Na kwa asiye na uwezo wa kipandikizi, meno ya kuweka na kutoa ya akriliki si aibu. Yanatengenezwa haraka na yanafaa kutafunia yakikaa vizuri. Yakivunjika hurekebishwa, na rangi yake pia inaweza kupakwa mabaka.

Ondoka na karatasi

Alikuja dereva mmoja wa watalii, amewekewa vipandikizi nje ya nchi, skrubu imelegea katikati ya msimu. Hakuwa na karatasi yoyote. Viwanda hutofautiana kwa umbo la kichwa cha skrubu na la kiungio, na mara nyingi bisibisi ya kimoja haiingii kwenye kingine. Tulipiga eksirei, tukapeleka picha kwa wenzetu, na kwa siku nyingi alitafunia upande mmoja kwa kukosa bisibisi ya kufungulia jino alilolipia fedha nyingi.

Kwa hiyo, ukiwekewa jino popote, Arusha, Nairobi, India au Dubai, usitoke kwenye kiti bila karatasi yenye mambo haya: jina la kiwanda cha kipandikizi, aina na kipimo chake, na namba ya toleo, ambayo huwa kwenye kibandiko cha boksi; kama kiungio ni cha titani au zirkonia; kama taji ni la kaure juu ya chuma, na chuma gani, au zirkonia, au kaure ya glasi; kama limefungwa kwa skrubu au kwa saruji; na rangi, pamoja na mistari na mabaka yaliyopakwa. Fundi mwaminifu atakuandikia bila kusitasita, kwa kuwa anayajua yote hayo kabla hujafika. Iweke karatasi hiyo pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba, na umwoneshe mwanao mahali ilipo.